Ua la mvua limetoa pua

Jumamosi, Novemba

Mvua ilianza saa nane usiku. Niliisikia kwanza kwenye majani ya mgomba wa jirani, kisha ikafika kwenye bati letu, na tangu hapo sikulala tena. Mwaka huu kiangazi kimekuwa kirefu hapa Morogoro. Milima ya Uluguru ilikuwa imefichwa na vumbi na moshi wa mashamba wiki nzima, na mimi kila jioni nimekuwa nikienda chini ya mwembe kutazama udongo mtupu kama mtu anayetazama barabara atakayopitia mgeni wake.

Kulipopambazuka nilijifunga kanga, nikachukua simu kwa ajili ya tochi, nikatoka pekupeku. Nilipiga magoti pale penye vijiti vyangu, nikasogeza majani makavu kwa ncha za vidole. Pua ya kwanza ilikuwa imeshatoka. Ndivyo ninavyoiita, pua: ncha nene ya rangi ya hudhurungi yenye madoadoa mekundu, imefungwa kwa maganda membamba kama kitu kilichoviringishwa na kufichwa. Nilihesabu tano kati ya tisa. Nimerudi ndani na matope magotini, chai imepoa, na nataka kuandika kabla watu wa nyumbani hawajaamka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiliita ua la mvua, na sisi wajukuu tukalijua kwa jina hilo. Kwa wataalamu ni *Scadoxus multiflorus*. Ni mmea wa kwetu kabisa. Unaota wenyewe kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini, na hata ng'ambo ya bahari kule Yemeni. Unakaa chini ya ardhi wakati wa kiangazi ukiwa tunguu tu, na mvua ya kwanza ikigonga unapandisha bua moja lisilo na jani, na juu ya bua hilo linafunguka duara jekundu lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Ukisogea karibu unaona kuwa si ua moja. Ni vijiua vingi, pengine vinafika 200, kila kimoja na petali sita nyembamba kama nyuzi na vijiti sita vyenye ncha za njano, vyote vimetokea mahali pamoja juu ya bua na kutawanyika kila upande. *Multiflorus* ni Kilatini, maana yake ndiyo hiyo, lenye maua mengi. Kwa wiki moja au mbili hivi linawaka, kisha linafifia na kuwa rangi ya waridi lililochujuka, na majani yanachukua zamu.

Mwaka 2018, mwezi wa kumi, nilipanda mlima hadi Matombo, kijijini kwetu Uluguru, kumsaidia mjomba kufyeka shamba la ukoo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba lile ni la mjomba, ni la mama yangu marehemu, na kwa namna fulani ni langu na la watoto wa dada zangu. Mjomba alikuwa akilima kwa jembe la mkono kuandaa mahindi ya vuli. Kila baada ya hatua chache jembe lilikuwa linang'oa kitu cheupe na yeye anakirusha kwenye mtaro pembeni. Nilipoinama kutazama niliona matunguu, mengine yamekatwa katikati, mengine mazima, na moja lilikuwa tayari limechomoza pua nyekundu.

"Mjomba, haya si ua la mvua?"

"Magugu hayo, mama. Kila mwaka nayatoa, kila mwaka yanarudi."

Sikumlaumu. Mtu mwenye mahindi ya kupanda na mvua iko mlangoni hawezi kulima akizunguka kila ua. Lakini nilikuwa nimesimama mahali ambapo bibi alikuwa akitusimamisha tukiwa wadogo na kutuambia tusikanyage, na sasa mahali pale palikuwa udongo uliogeuzwa. Niliokota yote yaliyokuwa mazima, kumi na moja, nikayatia kwenye kiroba, nikashuka nayo mjini ndani ya daladala nikiwa nimeyapakata. Naweka wazi jambo hili kwa sababu watu huniuliza wapi wachimbe: sijachimba hata tunguu moja msituni. Yangu yote ni yale ambayo jembe lilikuwa limeshayatupa.

Sasa nieleze makosa, maana kwenye makosa ndiko nilikojifunza.

Nilinunua vyungu vizuri. Nilijaza udongo mweusi na samadi nyingi ya ng'ombe, nikazika matunguu chini kabisa kama mtu anayezika mbegu za viazi. Mwezi wa kumi na moja mawili yakachanua. Nilifurahi mno! Nilipiga picha, nikawaita majirani, nikajiona nina mkono wa kupanda. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba maua yale hayakuwa kazi yangu hata kidogo. Tunguu ni ghala. Chakula kilichotengeneza yale maua kiliwekwa humo na majani ya msimu uliotangulia, juu kule Matombo, kwenye udongo ambao sikuutia chochote. Mimi nilipokea akiba ya mwingine.

Kisha majani yalipoanza kugeuka manjano mwezi wa tano, nilidhani mmea unaumwa. Nikaongeza maji. Yalivyozidi kulala ndivyo nilivyozidi kumwagilia, asubuhi na jioni, kiangazi chote, kwa huruma tupu. Mwezi wa nane nilisikia harufu. Nilipomimina chungu cha kwanza, tunguu lilikuwa uji. Nilipoteza manne. Nililia kidogo, nakiri, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na udongo mikononi, maana nilihisi nimeyatoa kwenye jembe la mjomba nikayaua kwa ndoo yangu mwenyewe.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Nilimwendea na tunguu lililooza ndani ya mfuko wa nailoni. Alilinusa, akalitupa, akaniuliza swali moja: "Shamba lenu mwezi wa saba kuna mvua?" Nikasema hakuna. "Sasa kwa nini kwako inyeshe?" Akanieleza taratibu, kwa heshima, bila kunicheka. Majani yakianza kuwa manjano, punguza maji. Yakikauka yote, acha kabisa mpaka mbingu ifungue. Usikate majani yakiwa bado ya kijani hata kama yameanguka na kuchafua uwanja, kwa kuwa bado yanapeleka chakula chini. Na shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo, au chini yake kidogo tu.

Basi kiangazi cha 2020 nikayatoa saba yaliyobaki, nikayatandaza kwenye ungo barazani yapate hewa kabla ya kuyahamishia ardhini. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea. Ni mtu asiyeweza kukaa bure, na mimi nilikuwa nimekwenda bombani. Niliporudi nilimkuta jikoni, ubao mbele yake, sufuria ya mafuta iko motoni, na tunguu langu mkononi mwake limeshamenywa.

"Mama! Hicho si kitunguu!"

Alikishusha polepole. Akakitazama, akanitazama. "Ndiyo maana," akasema. "Nilikuwa nashangaa mbona hakinilizi."

Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile miguu inaniishia nguvu. Tunguu la ua hili ni sumu. Lina likorini na kemikali nyingine za jamii hiyo, zinazoleta kutapika, kuhara na mate kujaa mdomoni, na zikizidi zinaua. Katika sehemu mbalimbali za Afrika jamii ya mimea hii imetumika kwenye sumu ya mishale na ya kulevya samaki. Mbuzi akila anaumwa vilevile. Na kwa macho, likiwa limekauka, linafanana na kitunguu maji kiasi cha kumdanganya mama aliyepika miaka hamsini. Wala mama mkwe hakuwa mbali sana na ukweli: mwaka 2009 wataalamu walipopanga upya koo za mimea, kitunguu maji na kitunguu saumu viliingizwa katika ukoo mmoja na ua hili. Ndugu, ila mmoja analiwa na mwingine haliwi. Tulinawa mikono, tukasugua kisu na ubao kwa sabuni na majivu, na tangu siku ile matunguu yangu hayajawahi kulala tena ndani ya nyumba. Yakitolewa ardhini yanaandikwa SUMU kwa kalamu nene na kuwekwa juu ya kabati la stoo ya nje. Mwenye watoto wadogo asome aya hii mara mbili.

Lile lililomenywa nililipanda hivyohivyo, uchi. Lipo hadi leo. Linachelewa kutoka kuliko wenzake kila mwaka, ila linatoka.

Mahali nilipochagua ni upande wa mashariki wa nyumba, chini ya mwembe, panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nne. Kule Matombo yalikuwa yakiota kwenye kivuli cha nusunusu, pembeni ya miti, penye majani yaliyooza, na nikaamua kuiga pale badala ya kuiga picha za bustani. Nikachanganya mchanga wa mtoni, mboji ya majani ya mwembe wenyewe, na samadi kidogo iliyooza vizuri mpaka haina harufu. Tuta nikaliinua shibiri moja. Inuko hilo liliniokoa vuli ya 2023, mvua za El Niño zilipojaza uwanja wetu mpaka ndala zikaelea. Maji yalizunguka tuta na kuondoka.

Mwaka ule wa kwanza ardhini sikupata ua hata moja. Majani tu. Mizizi ya mmea huu, ile minene myeupe kama tambi zilizoiva, haipendi kabisa kusumbuliwa, na mimi nilikuwa nimeisumbua mara mbili. Jirani yangu aliniambia niyang'oe nipande maua ya maana. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeshaanza kuyapenda majani yenyewe: yanapanda yakiwa yamekumbatiana, mashina yake yameshikana na kuwa kama shina moja la uongo lenye madoa ya zambarau, kisha yanafunguka mapana, laini, yenye mshipa wa katikati na mawimbi pembezoni. Mvua ikiyapiga yanatoa sauti tofauti na majani mengine. Nilikuwa nakaa na kitabu changu cha kusahihishia pale kibarazani nikiyasikiliza. Mwaka uliofuata, 2021, ua moja.

Na 2022 akaja kiwavi. Sitamsahau. Mweusi mwenye mistari na madoa meupe, nondo mama yake anataga mayai kwenye jani, na watoto wakitoka wanaingia ndani ya jani lenyewe na kulila katikati ya ngozi zake mbili, kwa hiyo nje unaona alama kama maji ya moto yamemwagika. Nilidhani ni jua. Nilipokuja kuelewa, kundi lilikuwa limeshashuka kwenye shingo ya tunguu moja na kulitafuna hadi kitakoni. Yakabaki sita. Tangu hapo msimu wa majani kila jioni nageuza jani baada ya jani, nikiona mayai nayafuta kwa kidole, nikiona kiwavi namtoa kwa mkono. Maji ya muarobaini nanyunyiza pia, lakini ninachoamini ni macho. Binti wa dada yangu, aliyekuja kuishi nami akiwa na miaka sita, amekuwa mkali kuliko mimi; yeye hukagua mpaka chini ya majani ya jirani.

Sita yamekuwa tisa kwa sababu mawili yamezaa pembeni. Na kuna wale wadogo wa kwenye ndoo, ambao siwahesabu bado. Ua lile la 2021 lilizaa tunda, vijipunje vya kijani ambavyo baada ya wiki nyingi viligeuka vyekundu kama shanga. Tulivikamua, tukaosha utelezi wote, tukaziweka mbegu juu ya mboji mbichi siku ileile, maana ni mbegu zenye maji, ukizihifadhi kwenye bahasha kama mchicha zinakufa. Nilitegemea jani. Halikutoka. Mbegu ilitoa mzizi kwanza, mzizi ukavimba, ukawa kijitunguu kama punje ya mtama, na ndipo kwa muda wake jani moja likaja. Sasa ni mwaka wa tatu unakaribia na vile vinne vilivyobaki vina majani mawili mawili. Huenda vikachanua mwakani, huenda mwaka wa tano. Binti aliniuliza atakuwa darasa la ngapi. Tukahesabu pamoja.

Nimekuwa nikisoma kuhusu jina lake, na historia hiyo inanigusa kuliko nilivyotegemea. Mwaka 1795 Mwingereza Thomas Martyn aliliandika kwa jina la *Haemanthus multiflorus*, na *Haemanthus* kwa Kigiriki ni ua la damu. Mwaka 1838 mtaalamu mwingine, Rafinesque, akaunda jina *Scadoxus*. Wengi hawakulifuata, na ua likabaki kuitwa la damu kwa zaidi ya karne, mpaka 1976 wataalamu wa mimea Friis na Nordal walipoonyesha kuwa ni jenasi mbili kweli, yaani makundi mawili tofauti ndani ya ukoo mmoja: *Haemanthus* ni wa kusini mwa Afrika, majani manene yasiyo na mshipa wa katikati, kromosomu 16, *Scadoxus* ana majani yasiyo manene, yenye mshipa huo, kromosomu 18. Wakati wote huo wa kubishaniwa, huku Matombo lilikuwa linachomoza kila vuli, na bibi yangu aliyezaliwa na kufa bila kusikia neno la Kilatini alikuwa anajua kitu walichokuja kukiandika wengine: linatoka na mvua, halichezewi, halipewi mbuzi.

Kinachoniuma ni swali ninaloulizwa na karibu kila anayepita getini yakichanua. "Mwalimu, hili umelitoa nje?" Wanamaanisha Ulaya, au angalau Nairobi kwenye maduka ya maua. Mwaka jana mama mmoja aliniomba nimuuzie kwa bei yoyote, akisimama pale na mkono kifuani kwa uzuri aliouona. Nilimuuliza kwao wapi. Akataja kijiji cha huko huko Uluguru, ng'ambo ya bonde letu. Nikamwambia, dada, hili liko kwenu. Nenda mwezi wa kumi na moja, angalia pembeni ya shamba, mahali jembe halifiki. Alinitazama kana kwamba namnyima. Kisha akakunja uso, akawa anakumbuka, nami niliona kwenye macho yake lilipofika. "Lile jekundu? La kule mtoni?" Ndiyo. Lilelile.

Hatukuliona kwa sababu tulilizoea. Tumejifunza kuita ua kitu kinachouzwa kwenye chungu, na kinachoota chenyewe tumekipa jina moja la jumla, magugu. Nasema tumejifunza nikijijumuisha: nyumba yangu ya kwanza niliizungushia uzio wa mimea ambayo yote, mmoja mmoja, asili yake ni ng'ambo ya bahari.

Saa tano asubuhi sasa. Mvua imekatika, jua limetoka, na milima inaonekana yote mpaka mikunjo yake. Nimekwenda tena kuangalia. Pua ya kwanza imepanda vidole viwili tangu alfajiri, au macho yangu yanataka iwe hivyo. Ikienda kama miaka mingine, ndani ya siku kumi litafunguka, na yule ndege chozi wa kwenye mpapai atakuja, na wale vipepeo wakubwa weusi. La mama mkwe bado. Sijalifukua. Nimelirudishia majani juu yake.

Nilikuwa nafunga daftari mjomba akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Huko imenyesha?"

"Imenyesha tangu saa nane usiku."

"Na huku. Nimepanda asubuhi hii." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Yale magugu yako yametoka. Kule kwenye mtaro, na mengine katikati ya shamba, pale alipokuwa anasimama mama."

Sikujua niseme nini. Nikamuuliza mangapi.

"Sijahesabu. Jembe nimelipitisha pembeni. Uje na mtoto, muhesabu wenyewe."